Mhubiri Alisema "Rudisheni"

Mpendwa mshauri, Bibi Mkunga, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu kila ninayemwendea ananiambia niombe, na nimeomba mpaka magoti yameota sugu, sasa nataka mtu anijibu kwa mdomo.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, nimeokoka tangu nikiwa shule, sinywi, sina mwanamke wa nje, kazi yangu ni karani katika ofisi ya ardhi na siku za ibada ni mkalimani kanisani, maana lugha ya wageni niliisoma nikaiweza, hata mhubiri akija kutoka mbali hawahangaiki kutafuta mtu, wananiita mimi nisimame pembeni yake, yeye aseme na mimi niseme.

Ofisi yetu, Bibi, ni ofisi ya waliookoka. Asubuhi tunaanza kwa maombi na anayeongoza ni mkuu wetu wa kazi, ambaye sisi wadogo tunamwita Mzee Amina kwa sababu ukianza kuomba yeye ameshasema amina kabla hujafika katikati, na kanisani pia ni mzee wa kanisa, ana kiti chake safu ya mbele, kile chenye mto. Tukishamaliza kuomba tunafungua dirisha la kuhudumia watu, na mtu akiulizia jalada la kiwanja chake anaambiwa "jalada lako bado liko kwenye maombi", mwenye akili anaelewa kwamba maombi hayo hayaishi kwa mkono mtupu, na asiyeelewa anarudi kesho na keshokutwa mpaka soli za viatu zinaisha. Mimi sijawahi kupokea kitu cha mtu, nakuapia, mimi huwa nalisema tu hilo neno pale dirishani kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa.

Sasa nije kwa dada yangu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa na dada ndiye aliyenilea, ni fundi cherehani, anashona sare za shule, watu wanamwita Mama Sare, na hiyo lugha ninayojivunia niliisoma kwa mgongo wake uliopinda juu ya cherehani. Shemeji yangu, mume wake, alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia kiwanja chenye vyumba viwili na kibaraza cha kushonea, kando ya barabara kubwa, na kiwanja hicho Mzee Amina alikitamani kwa ajili ya mwanawe anayetaka kujenga maduka. Sitakuchosha. Jiwe la mpaka lilihama, hati mpya ikatoka kwa jina la huyo mwana, dada akaenda baraza la ardhi na akashindwa, kwa sababu mchoro wa zamani haukuonekana jaladani. Jalada lenyewe nalijua, limepita mikononi mwangu. Baraza likamwambia kama hakuridhika akate rufaa, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu ni tarehe thelathini ya mwezi huu.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mkutano wa injili wa siku tatu, turubai limejaa mpaka watu wanasimama juani, na safu ya mbele wamekaa wenyewe, Mzee Amina, na mwenye duka la dawa anayebandika tarehe mpya juu ya tarehe iliyopita, na mwalimu mkuu ambaye mitihani yake huonekana sokoni kabla haijafika darasani, wote na Biblia zao za ngozi magotini. Dada alikuwa amekaa nyuma karibu na nguzo. Tangu azike mume hakuwa amekanyaga ibadani, alikuwa na uchungu na Mungu, alikuja siku ile kwa ajili yangu, aliniambia, "Mdogo wangu, nakuja kukusikiliza wewe."

Siku ya tatu mhubiri aliacha kupiga kelele. Akashusha sauti, akawaangalia wale wa mbele, akasema kwa lugha yake maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Chochote ulichomchukulia mwenzako, kirudishe, ndipo uje hapa mbele." Bibi, kabla sijafungua mdomo nilimwona Mzee Amina machozi yanamtoka. Yeye ile lugha anaijua kuliko mimi, alikaa nayo masomoni miaka mitano. Alikuwa analia, halafu akainua macho akaniangalia, na mimi nikamwangalia, na nikakumbuka kesho ni Jumatatu. Ulimi uliteleza. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Chochote ulichochukuliwa na mwenzako, utarudishiwa, njoo hapa mbele."

Turubai lilitaka kung'oka. Watu walipiga vigelegele, wakarukaruka, mhubiri akashangaa neno la toba limepokelewa kwa furaha namna ile, naye akafurahi, akarudia "Rudisheni! Rudisheni!" na mimi nikarudia "Mtarudishiwa! Mtarudishiwa!" maana ningebadilisha vipi tena wakati huo? Watu mia mbili na kumi walikuja mbele kuokoka. Mzee Amina alitoa kitambaa, akajifuta uso taratibu, akasema amina kwa sauti kuliko wote. Na dada yangu alitoka kule kwenye nguzo mbio, mikono juu, akapiga magoti mbele ya miguu yangu.

Jumatatu baada ya maombi Mzee Amina aliniita akasema, "Kijana wangu, una kipawa. Mwingine angetafsiri neno kwa neno akaharibu mkutano." Siku hiyohiyo nikahamishwa kutoka pale dirishani, nikapewa chumba changu chenye feni.

Nilimwendea mchungaji nikamweleza ukweli, akafunga mlango, akasema, "Roho mia mbili na kumi, ndugu, wewe unataka kuzirudisha wapi? Mungu hutumia hata makosa yetu, nyamaza usije ukaharibu kazi yake." Mke wangu naye anasema mambo hayo yapo, ulimi uliteleza, hata wasomi huteleza, nilale.

Lakini dada amebadilika. Anaimba akishona. Amenenepa kidogo. Kila Jumatano anasimama kwenye maombi ya akina mama anatoa ushuhuda kwamba Mungu amemuahidi kumrudishia kiwanja chake kwa kinywa cha mdogo wake mwenyewe. Na fomu ya rufaa ameikunja ameiweka chini ya kitambaa anachofunikia cherehani. Nilimwambia, "Dada, peleka fomu, siku zinakwisha," akacheka, akaniambia, "Mdogo wangu una mambo! Nikikata rufaa si nitakuwa nimemwambia Mungu simwamini? Si wewe uliyelitamka neno? Au hukulisikia mwenyewe?" Nikajibu nimelisikia. Nikanywa maji nikaondoka.

Sasa Bibi nishauri. Nikimwambia ukweli, nitaua imani iliyofufuka baada ya miaka miwili, na zile roho nyingine zitapotea, na kazi yangu itakwenda na watoto wanasoma. Nikinyamaza, tarehe thelathini inakuja. Na huenda nimemzuia hata Mzee Amina kuokoka, maana alikuwa analia kweli, na damu yake nitadaiwa mimi. Sikukusudia, nakuapia, ulimi uliteleza. Je, nimwambie dada, au nimwachie Mungu anayejua kufanya njia pasipo na njia?

Mimi, Mkalimani.

*

BIBI MKUNGA ANAJIBU

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikavua miwani nikaenda kunywa maji, kwa hasira.

Nianze na huruma nisije nikaisahau njiani. Kumwogopa mkubwa wa kazi si jambo la ajabu. Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja, na siku moja nilimwona daktari anakosea nikanyamaza kwa sababu yeye ni daktari na mimi ni mkunga. Yule mama namkumbuka mpaka rangi ya kitenge chake. Kwa hiyo usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu ya paa. Nakusema kama mtu anayejua kimya kinavyokaa tumboni.

Sasa tuongee. Umeandika mara tatu kwamba ulimi uliteleza, na moja kati ya hizo umeiweka mdomoni mwa mkeo. Mwanangu, ulimi ukiteleza huangukia popote. Wako ulichukua "ulichomchukulia" ukaifanya "ulichochukuliwa", ukachukua "kirudishe" ukaifanya "utarudishiwa", sentensi ikatoka imenyooka kama mshono wa dada yako. Kuteleza gani huko? Na mhubiri aliporudia, ukarudia. Ulidanganya kwenye kipaza sauti, mbele ya madhabahu, kwa sababu ya kesho Jumatatu. Anza hapo, maana ugonjwa usiotajwa jina hauna dawa.

Halafu unaniapia kwamba hujawahi kupokea kitu cha mtu. Na hicho chumba chenye feni ni nini? Na yule mwenye viatu vilivyoisha soli, nani alimwambia jalada liko kwenye maombi, si wewe kwa mdomo wako? Umezoea, baba. Miaka yote umekuwa mkalimani wa Mzee Amina pale dirishani: anasema "rushwa", unatafsiri "maombi". Siku ya mkutano uliendelea na kazi yako ya kila siku, ila mara hii aliyepata hasara ni wa tumbo moja na wewe.

Kuhusu wokovu wa Mzee Amina, acha kujipa ukubwa. Umesema mwenyewe machozi yalimtoka kabla hujafungua mdomo. Basi alisikia. Alisikia kwa lugha aliyoijua, kutoka kwa mhubiri mwenyewe, neno zima bila kupunguzwa, kisha akaletewa jingine tamu zaidi akachagua hilo. Huyo yuko mikononi mwa Mungu wake, na hati iko mikononi mwa mwanawe. Usimlilie.

Na hao mia mbili na kumi? Mimi ni Mkristo tangu msichana na sitaki mtu aniandikie barua kwamba Bibi Mkunga anafundisha watu kununua mbingu kwa matendo. Wokovu ni bure. Lakini kiwanja cha mjane si bure, na mkono ulioshika mali ya mwenzako umejaa, hauna nafasi ya kupokea neema. Watu wako waliitiwa kurudishiwa, wakaja mbio, nani asingekuja? Hata mimi na magoti yangu haya ningekimbia. Waambiwe neno lenyewe sasa. Watakaoondoka, hawakuwa wamefika. Watakaobaki, wakiwa watano, hao watano mnaweza kuwaita kanisa.

Mchungaji wako aliyefunga mlango sitamsema sana, nina shinikizo la damu. Ila mwambie hivi: Mungu anaweza kutumia makosa yetu, ndiyo, lakini hajamwomba mtu amtunzie makosa hayo.

Tuje kwenye donda. Unasema unaogopa kuua imani ya dada yako. Hapana. Unaogopa dada yako atakavyokuangalia. Hayo ni mambo mawili na wewe umeyafunga kwenye khanga moja. Hebu fikiri. Ukinyamaza, tarehe itapita, mwana wa Mzee Amina ataleta watu wabomoe vyumba, cherehani itawekwa barabarani, na dada yako atasimama hapo na mikono kichwani. Atamlaumu nani? Wewe? Hata kidogo, wewe ni mdogo wake mpenzi. Atamlaumu Mungu, kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Wewe ndiye uliyeahidi, halafu unamwachia Mungu aibu. Na hapo ndipo imani yake itakufa kweli, itakufa bila hata kujua nani aliyeiua.

Mficha uchi hazai. Nimewaambia hivyo wanawake wenye haya kwa miaka yote niliyofanya kazi, leo nakuambia wewe mwanaume mzima.

Fanya hivi, na usifanye mfungo kwanza. Mwezi huu tarehe thelathini ni Jumamosi, na baraza la ardhi halifungui Jumamosi; wewe karani wa ardhi ulipaswa kujua hilo kabla yangu. Siku ya mwisho, basi, ni Ijumaa. Barua yako nimeitoa kwenye foleni, gazeti linatoka Jumatano. Ukilinunua asubuhi, nenda kwa dada yako asubuhi hiyohiyo, kazini watakukosa, wakukose. Usiende na mkeo, usiende na mchungaji, usianze na wimbo. Mwombe asimamishe cherehani. Mwambie: "Dada, mhubiri alisema rudisheni. Mimi ndiye niliyesema mtarudishiwa. Nilimwogopa Mzee Amina." Basi. Usiongeze kwamba ulimi uliteleza, na usimwambie shetani alikupitia. Shetani ana dhambi zake za kutosha.

Atalia. Huenda atakupiga, alikulea, ana haki. Huenda atakuambia maneno ambayo utayabeba mpaka uzeeni. Usimjibu, na usimwombe msamaha siku hiyo, maana ukiomba msamaha utampa kazi ya kukubembeleza, na yeye ana fomu ya kujaza.

Na fomu hiyo inahitaji kitu kimoja ambacho umekitaja haraka haraka ukadhani sitakiona. Umesema jalada limepita mikononi mwako. Umesema mchoro wa zamani "haukuonekana". Kwa nani? Wewe uliuona, ndiyo maana unasema jalada unalijua. Usiibe karatasi ya ofisi, usije ukawa wewe ndiye mshtakiwa. Andika kwenye kipande cha karatasi namba ya jalada, tarehe uliyouona mchoro ndani yake, na jina lako kamili kama shahidi, ili walio juu ya baraza wamwamuru Mzee Amina alilete hilo jalada mezani na wewe uapishwe useme ulichokiona. Utafukuzwa kazi. Sitakudanganya, wamekudanganya wengi. Watoto watahama shule, mkeo atanuna, utapiga chapa barua za watu kibarazani kama makarani wengine. Watu wanaishi hivyo na wanakula.

Jumapili omba kipaza sauti urekebishe tafsiri. Wakikunyima, simama ulipo useme, una mapafu. Wakikutoa nje, useme nje. Dakika moja inatosha. Lakini Jumapili ni baadaye. Ukianza na kanisa ukamwacha dada, utakuwa umetafuta tena kupigiwa makofi, mara hii ya mtu aliyetubu.

Je, dada yako atashinda rufaa? Sijui. Unaijua nchi unayoishi, na mimi naijua. Huenda walio juu nao wana maombi yao asubuhi. Huenda atapoteza kiwanja, na imani, na mdogo wake, kwa wiki moja. Siwezi kukuahidi kitu na usimwahidi kitu, ahadi zimemtosha.

Kwa hiyo Jumatano nenda. Akikusikiliza, mpeleke barazani mwenyewe. Akikufukuza, toka usibishane, ila ile karatasi yenye namba ya jalada uiache juu ya cherehani.